Viapo vya Hiliki Sivitoi

Nianze na lile ambalo watu huliweka mwisho: mimi, Salma, ndiye niliyeiangusha programu ya kampuni nzima mbele ya wageni, mchana kweupe, feni zinazunguka na kahawa imeshamiminwa. Niliiangusha kwa makusudi. Siombi radhi, na wala msiniulize kama ningerudia. Ningerudia, na safari hii ningewaita na majirani waje kutazama.

Nayaandika haya kwa sababu ya kijana mmoja wa Tunguu, Nassor, mwanafunzi aliyepelekwa kufanya mafunzo katika ofisi nilikostaafu. Alinijia nyumbani Mpendae juzi, kompyuta kwapani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa. Nshakuona una jambo, uso umenyauka kama mkate wa boflo wa jana."

"Nnataka kuifanya Hiliki, lugha yenu ile ya programu, iende mbio, Bibi. Tukiijaribu pale karakana inakawia. Nimefungua ndani nikakuta viapo. Kila mlango kiapo! Nnataka kuvitoa."

Chai ilinipalia. Nilikohoa mpaka paka wa nyumba ya tatu akahama mtaa.

"Vitoe," nikamwambia. "Halafu na breki za gari ya babako zitoe, nayo itakwenda mbio."

Akacheka, ana adabu zake. Kisha akanigeuzia kompyuta. "Na huyu hapa ni nani, Bibi? Juu ya kiapo kimoja pameandikwa 'Kikivunjika, niiteni.' Hakuna jina."

Jawabu la swali hilo halimalizwi kwa kikombe kimoja cha chai. Basi nakuandikia wewe Nassor, na wenzako wote mnaoianza kazi hii mkidhani kompyuta zilizaliwa nyembamba.

Yetu ya kwanza haikuwa nyembamba. Nilisoma masomo ya jioni, mtu mzima, na mchana nikishona mashela ya maharusi. Darasa zima lilikuwa na kompyuta moja, nayo nzito hata ng'ombe aliyeivuta kwa gari aliomba likizo. Tulikuwa wengi kiasi kwamba ukitaka kubonyeza herufi unamwambia aliye mbele yako, naye anamwambia aliye mbele yake, na herufi inafika kwenye kioo imeshageuka nyingine. Msiniulize ushahidi. Waliokuwapo wote ni marafiki zangu, watasema nnavyosema mimi.

Mwalimu wetu alikuwa Shaaban. Mtu mpole hujapata kuona. Mwanafunzi akikosea ubaoni, Mwalimu alilifuta kosa kwa mkono wa kanzu yake kabla mwengine hajaliona, akasema taratibu, "Jaribu tena, mwanangu." Kanzu zake zote zilikuwa na mkono mmoja mweupe kwa chaki. Kwake yeye aibu ya mtu ni kitu cha kufunikwa upesi, na hivyo ndivyo tulivyolelewa sote hapa, mtu hustiriwa. Jirani yako akianguka kwenye tope, unatazama upande mwengine mpaka ajipanguse, halafu unamuuliza habari za watoto. Mimi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ulikuja pale Mwalimu alipoichukua tabia hiyo njema akaiingiza ndani ya mashine.

Maana ni yeye aliyenichukua kazini. Ofisi ilikuwa Mkunazini, ghorofani, ngazi za mbao zinazolalamika kuliko wapandaji. Mwenye kampuni, Bwana Mansukh, alikuwa akitafuna hiliki tangu kufungua mlango mpaka kuufunga, ofisi nzima inanukia biriani, na watu tukishinda na njaa. Alipotaka tuwe na lugha yetu wenyewe ya programu, ndogo, amri zake za Kiswahili, ili fundi wa pampu au mtunza ghala aweze kuisoma, jina halikutafutwa mbali. Ikaitwa Hiliki.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi. Mtu akiandika amri kwa Hiliki, zile amri haziendi zenyewe. Ndani yake yupo mkalimani, yaani programu inayousoma mstari, ikaufahamu, ikautenda, kisha ikaenda mstari wa pili. Mkalimani wa Hiliki alijengwa na Mwalimu Shaaban kwa mikono yake.

Mkalimani huyo mfikirie ni mama mwenye nyumba anayetuma watu dukani. Kila amri ni mtume. Ukimtuma sukari, kuna namna mbili tu za kurudi. Ama anarudi na sukari, kimya, mambo yamekwenda vizuri. Ama anarudi mikono mitupu na anasema kwa nini, duka limefungwa, sukari imekwisha, mbwa amemfukuza. Kwetu huko kusema kwa nini tulikuita kuinua bendera, bendera ya kosa. Sukari na bendera chini, sawa. Mikono mitupu na bendera juu, sawa pia, kosa limetokea lakini tumelijua.

Balaa liko kwa wawili wengine. Yupo anayerudi mikono mitupu akanyamaza, anakutazama tu. Na yupo mbaya kuliko huyo, anayekupa sukari huku machozi yanamtoka na bendera yake iko juu. Sukari hiyo kaitoa wapi? Analia nini? Wewe unaipokea, unatia kwenye chai, na wageni wanakunywa chumvi.

Kiapo ni mstari unaouweka mlangoni pa kurudia. Wasomi huita asesheni. Kinamwambia kila mtume, apa kwamba huna sukari na machozi kwa pamoja. Akiwa navyo vyote viwili, programu inaanguka palepale, na inataja jina lake. Viapo vinafanya kazi katika toleo la karakana tu, lile tunalojaribia wenyewe. Toleo la dukani, tunalompa mteja, linatoka bila ya viapo na linakwenda mbio. Kwa hiyo, Nassor, mteja hangoji hata kidogo kwa ajili ya viapo vyangu. Unayengoja ni wewe. Ngoja.

Na kwa kuwa tumefika hapo, nikupeni ya bure. Usitie kazi ndani ya kiapo. Kiapo kiangalie tu, kisishike kitu. Ofisini kwetu palikuwa na mtu mmoja, simtaji, alitia amri ya kufungua bomba la maji ndani ya kiapo. Karakana maji yakafunguka vizuri kabisa, tukampigia makofi. Toleo la dukani likatoka, viapo vikavuliwa, na kufungua bomba kukavuliwa navyo. Mteja akatazama bomba, bomba likamtazama. Yule mtu leo ana wajukuu na heshima zake, ndiyo maana simtaji. Binadamu namstiri kama alivyostiriwa na wengine.

Na jingine, makosa ya mteja si ya kiapo. Mteja akiandika umri wake ni miaka mia tisa, mjibu kwa adabu, "Tafadhali jaribu tena," na umtakie asubuhi njema. Kiapo ni cha uongo wetu sisi, tulioujenga ule mlango.

Haya, sasa habari yenyewe.

Kazija alikuwa msichana wa Tumbatu, mpya kazini, bado yuko kwenye majaribio. Mdogo wa umbo, sauti ya kupasua mawe. Siku yake ya kwanza alinisalimia kutoka chini ya ngazi na vikombe vikagongana kabatini. Alipewa kazi ya pampu ya tangi moja huku kwetu Mpendae, linalolisha nyumba za mtaa na msikiti. Ndani ya tangi kuna boya. Programu yake inauliza boya, maji yako wapi? Yakiwa chini inawasha pampu. Programu fupi, safi, unaisoma kama unasoma kanga.

Ijumaa moja tangi likakauka.

Nyinyi mnajua Ijumaa ya hapa. Watu wameshavaa kanzu zilizopigwa pasi zikasimama zenyewe, wanafika kutawadha, wanafungua mifereji, mifereji inapumua kama mgonjwa. Mtaa mzima ukatoka na ndoo. Nilimuona kwa macho yangu mzee mmoja akitawadha kwa chupa ya maji ya dukani, anaihesabia matone kama dawa ya macho. Kufika jioni, Mpendae yote inajua kwamba msikiti umekaushwa na "yule binti wa kompyuta."

Kwa nini yeye? Kwa sababu mkalimani alimtaja. Tulipofungua kumbukumbu za programu, ilikuwapo sentensi moja tu: kosa katika mstari wa kuandika tarehe. Mstari wa Kazija. Kuandika tarehe, jamani! Mstari usio na habari na maji wala pampu.

"Mimi sijaharibu kitu, Bi Salma," Kazija akaniambia, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika mlangoni. "Tarehe inakaushaje tangi?"

"Haikaushi."

"Basi mbona imenitaja?"

Hilo ndilo lililonikera. Kamati ya msikiti ingekuja Jumatano kuonyeshwa kwamba mambo yametengenezwa, na Bwana Mansukh ameshaamua kwamba matengenezo yenyewe ni mawili, mstari wa tarehe utolewe, na Kazija atolewe nao. Majaribio yake yangeishia hapo. Na msichana aliyetajwa kwa kukausha msikiti, kazi nyengine mji huu angeipata wapi?

Nikakaa na mkalimani. Nikaenda kwenye mlango ambao amri zote hupita zikirudi, nikaweka viapo viwili: mikono mitupu bila ya bendera, anguka, thamani mkononi, yaani ile sukari yetu, na bendera juu, anguka. Nikawasha toleo la karakana na boya letu la majaribio, linaloelea kwenye ndoo. Ikaenda vizuri. Nikachomoa waya wa boya, maana kule tangini waya umekuwa ukiliwa na chumvi tangu ulipofungwa.

Ikaanguka kama gunia la karafuu. Na jina ikalitaja: amri ya kusoma boya.

Nikaifungua. Mle ndani nikamkuta Mwalimu Shaaban na mkono wake wa kanzu. Waya ukikatika, amri ile iliinua bendera kama inavyotakiwa. Halafu, ili mteja asione aibu ya kosa, ikachukua kipimo cha mwisho ilichokuwa nacho ikakirudisha kana kwamba kimepimwa sasa hivi. Tangi limejaa! Limejaa tangu jana, limejaa milele. Pampu ikalala. Na bendera ikasahauliwa juu, kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia na makubadhi yake yako nje. Mstari uliofuata, wa Kazija, ukapita na shughuli zake za tarehe, ukaikuta bendera imesimama, mkalimani akaiona hapo, akamkamata mpita njia.

Nikamwendea Mwalimu.

"Mwalimu, ni amri ya boya. Inarudi na thamani na bendera iko juu."

Hakuinua uso. "Kiapo chako ndicho kibovu, Bi Salma. Toleo la karakana huanguka kwa kila kitu. Mkalimani nimemuandika mwenyewe."

"Njoo utazame."

"Tutatazama taratibu, wageni wakishaondoka. Watu wanakuja kuona kitu kizima, si vipande."

"Wageni wakishaondoka, Kazija hayupo."

Akapanga karatasi zake. Kisha akasema, kwa upole uleule wa darasani, "Kosa halitangazwi mbele za watu. Nimewafundisha hivyo."

"La mtu, Mwalimu. Mtu mstiri mpaka kaburini, mimi wa kwanza nitakupa nguo ya kumfunika. Mashine isute! Isutwe kwa ngoma na vigelegele, na kosa lake litangazwe msikitini kwa kipaza sauti! Mashine ukiistiri wewe, kuna mtu anavuliwa nguo upande wa pili. Na safari hii ni Kazija."

"Utafanya nini?"

"Jumatano ntawaonyesha toleo la karakana. Nakwambia mapema, usije ukasema sikukwambia."

Alidhani natania. Nami natania siku zote, ndiyo faida yake.

Jumatano wakaja. Mbele yao Mzee Pandu, mwenyekiti wa kamati, nahodha mstaafu wa boti za abiria, mkono wake mmoja unakushika kiganja mpaka unasahau jina lako. Shikamoo zikapita, marahaba zikapita, kahawa ikamiminwa. Kazija alikuwa nje kwenye ngazi, kikombe chake cha kazini ameshakitia mkobani. Mwalimu akasimama kueleza. Mimi nimekaa kwenye kompyuta, ndoo na boya mbele yangu, kioo kikubwa ukutani.

"Kama mnavyoona," Mwalimu akasema, "mfumo ni mzima, na kosa la mstari ule limeshaondolewa."

"Mzee Pandu," nikasema, "samahani. Hebu uchomoe waya huo wa boya."

Mwalimu akanigeukia. "Bi Salma. Weka toleo la dukani."

"Siweki."

"Bi Salma!"

"Siweki, Mwalimu. Mzee, vuta."

Mzee Pandu akauvuta kama anang'oa nanga. Ukutani kila kitu kikasimama. Maandishi yakatoka makubwa, niliyakuza mwenyewe ili hata wapita njia wa chini wayasome: Kiapo kimevunjika. Amri ya kusoma boya imerudi na thamani ilhali bendera ya kosa iko juu.

Bwana Mansukh aliacha kutafuna. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu alipoota meno.

"Are, Bi Salma! Mbele ya wageni?"

"Imekufa?" Mzee Pandu akauliza.

"Imekataa kusema uongo, Mzee. Waya hauna habari, nayo inasema tangi limejaa."

"Na ile ya kwetu haikukataa?"

"Ile ya kwenu ilikuwa na adabu mno."

Mzee akautazama ukuta, akautazama waya mkononi mwake. Alikuwa nahodha, hakuhitaji kuelezwa mara mbili kipimo kinachosema uongo kinafanya nini. "Kwa hiyo habari ya tarehe..."

"Tarehe ilikuwa inapita njia tu," nikasema. "Na aliyeiandika yuko hapo kwenye ngazi na mkoba wake."

Nikamtazama Mwalimu, na nawaambieni kweli, ukaidi wangu wote ulitaka kunikimbia, maana yule ndiye aliyenifundisha kushika kipanya nilipokuwa nikikiogopa kama panya wa kweli. Aliusogelea ukuta, akaisoma ile sentensi polepole, kidole kinafuata maneno. Aliinua mkono, na kwa kitambo kidogo nilidhani ataifuta kwa mkono wa kanzu.

"Amri ya boya ni yangu," akasema. "Nimeiandika mimi. Huyo mtoto hana lake."

Mzee Pandu akatikisa kichwa. "Basi, Mwalimu. Wewe ni mtu wetu, jina lako sisi halitatutoka vinywani. Lakini huyu binti ameshatajwa mtaa mzima, na aliyetajwa kwa ubaya sharti atajwe tena kwa wema." Akaita kuelekea mlangoni, "Binti!"

"NAAM!" Vikombe vikagongana. Hapo nikajua sauti yake imerudi.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa jikoni kwangu, mwiko mkononi, sala imekwisha, maji yanatoka mpaka mifereji inapiga kelele. Kipaza sauti cha msikiti kikakohoa. Ilikuwa sauti ya Mzee Pandu: "Tangazo. Maji yaliyokosekana wiki iliyopita, kosa lilikuwa la mashine. Narudia, la mashine. Mashine imetengenezwa. Binti Kazija hana kosa, na aliyemsema amuombe radhi."

Jirani yangu akachungulia dirishani. "Bi Salma! Mashine yenu inasutwa!"

"Iacheni isutwe!" nikapiga kelele, na nikapiga na kigelegele juu yake. Wali uliungua. Tuliula vilevile.

Kazija akabaki kazini. Leo yeye ndiye mkuu wa ofisi ile, Nassor, yule anayekutisha kwa sauti kutoka chumba cha pili. Na kama anakukataza kugusa viapo bila ya kukueleza kwa nini, sasa umejua.

Na Mwalimu? Jumamosi ile alifika kabla ya watu wote. Nilimkuta amekaa na mkalimani, mlango kwa mlango, anaweka viapo mwenyewe. Juu ya amri ya boya akaandika maneno mawili unayoyauliza, na jina hakuweka, kwa sababu Mzee Pandu alishasema jina halitatajwa. Lakini sote tulijua aitwe nani. Hata alipostaafu akahamia Kidichi kwenye mashamba yake ya viungo, kiapo kikivunjika tulimpigia simu, na alikuja, udongo kwenye makubadhi, anakaa, anasoma jina lililotajwa, anacheka peke yake.

Mwalimu hatunaye tena. Basi usivitoe viapo, na hayo maneno mawili usiyafute. Siku kimoja kikivunjika mbele yako, shuka ngazi uje Mpendae, usimame mlangoni uite kwa nguvu, maana masikio yangu nayo yanataka kustaafu.

Ntakujibu naam.